Mume Wangu Aliandika "Hajaoa"

Barua ilikuja saa nne asubuhi nikiwa kazini, na kwa mazoea ya kazi niliichapisha kabla ya kuisoma. Mimi ni karani wa saiba, duka la kompyuta na intaneti, mjini Homa Bay. Watu huja na shida zao mkononi, wengine wameziandika nyuma ya pakiti ya unga, nami nawajazia fomu: ya pasipoti, ya mkopo wa chuo, ya cheti cha kuzaliwa, ya tabia njema. Kikiingia kitu kwenye kompyuta nakichapisha, nakitia kwenye bahasha ya kaki, namngoja mwenyewe. Siku hiyo mwenyewe nilikuwa mimi.

Zilikuwa karatasi mbili. Ya kwanza ilisema mtoto wangu, msichana wa miaka mitatu, amekubaliwa kwenda kuishi na baba yake kule Ulaya anakofanya utafiti, mradi mama yake atie sahihi idhini mbele ya wakili. Ya pili ilisema mama yake amekataliwa. Sababu ilikuwa sentensi moja tu. Mwenye kibali cha utafiti, alipoomba kibali chake, alitangaza kwamba hajaoa na kwamba ana mtoto mmoja. Kwa hiyo mwombaji si mke wake.

Nilisoma mara tatu. Mbele yangu alisimama mzee mmoja akingoja nimjazie fomu ya kitambulisho kilichopotea. Akaniuliza kama kuna shida. Nikamwambia hakuna, nikaijaza fomu yake yote bila kosa hata moja, nikamwonyesha pa kuweka kidole. Jambo hilo linaniudhi hadi leo. Kwamba najua kazi hii kiasi kwamba naweza kuifanya nikiwa nimekufa.

Mume wangu ni mtu wa samaki. Havui, anawasoma. Anachunguza ule ukijani unaotanda ziwani, unaoua samaki kwenye vizimba mpaka wanaelea matumbo juu kama vikombe vilivyopinduliwa. Tangu apate shahada ya tatu mtaa mzima unamwita daktari, na kuna watu wawili watatu waliowahi kumletea mbuzi mgonjwa. Tulijuana pale pale saiba, alipokuja kuchapisha michoro yake ya rangi. Nilimwambia rangi ya kijani inaisha haraka kuliko zote. Akasema laiti na ziwani ingekuwa vivyo hivyo. Nikacheka, na kicheko hicho ndicho kilichonifikisha hapa.

Alipopata nafasi ya kufanya utafiti kwa miaka mitatu katika nchi moja ya baridi, tulifurahi wote. Kuna kibali maalum cha ukaazi cha watafiti, na mlango wake ni mpana, maana nchi zile zinawataka watu hao. Mtafiti anaruhusiwa kwenda na mke na watoto, hakuna habari ya kungoja miaka. Mimi ndiye niliyesoma masharti yote mtandaoni, usiku na mchana, kabla yeye hajayafungua. Nikamwambia alete fomu niijaze. Akasema hii ni ya watafiti, ina maneno ya kitaalamu, ataijaza mwenyewe ofisini kwake wakati wa chakula cha mchana.

Nimejazia nusu ya mji huu fomu. Nimewajazia wachungaji, nimewajazia walimu wakuu, nimemjazia diwani. Ile moja tu iliyohusu maisha yangu niliambiwa ni ya watu waliosoma.

Nilimpigia simu jioni hiyo mtoto akiwa anakula uji.

"Uliandika hujaoa?" nikamwuliza. Sikumsalimu.

Akaanza na "sikiza kwanza", na mtu akianza na hayo najua anakokwenda. Nikamwambia sisikizi kwanza, anijibu kwanza.

"Nilimwuliza mzee," akasema.

"Ulimwuliza mzee nini?"

"Niandike nini. Nikamsomea swali. Akaniambia fomu ya serikali ya watu mtu hadanganyi. Ndugu yangu mkubwa hajaleta mke nyumbani, kwa hivyo na mimi bado."

Mtu ana shahada tatu. Anaweza kukaa wiki nzima akihesabu vitu vidogo ndani ya tone la maji. Alipofika kwenye kisanduku kinachouliza kama ana mke, na mke mwenyewe yuko nyumbani anamwoshea soksi, alichukua simu akampigia baba yake kijijini Kosele kuuliza.

Wasiojua mambo ya kwao niwaeleze. Kwao, mdogo haoi kabla ya mkubwa. Mvulana akikua anajengewa nyumba yake ndogo mle bomani, wanaiita simba, na mkubwa ndiye anayeingiza mke kwanza. Mdogo akimtangulia, amemruka ndugu yake, na akimruka, kunakuja chira. Chira ni mkosi unaotafuna nyumba polepole: mtoto anakonda bila ugonjwa, mama anapoteza mimba, hakuna anayejua sababu mpaka mzee mmoja akumbuke nani alimruka nani. Mimi ni Mkuria wa Kehancha. Na sisi tuna yetu, siwacheki. Lakini mimi sikuambiwa kwamba naolewa kwa foleni.

Kwetu ng'ombe wa mahari walifika. Waliletwa na mjomba wake, na wazee wetu waliwazunguka asubuhi nzima wakiwapapasa, mmoja akamkataa ndama kwa sababu ya sikio lake, wakabishana mpaka jua likawa la saa saba, mwishowe wakakubali. Mama yangu akapiga kigelegele. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi mitano, nimevaa kitenge kilichonibana. Kwa Wakuria siku hiyo niliolewa na mambo yakaisha. Baba mkwe mwenyewe hakuja. Wakasema mgongo unamwuma. Mgongo haukuwa unauma. Alikubali kutoa ng'ombe ili baba yangu asimshtaki mwanawe kwa mimba, lakini kwake mimi nilikuwa bado mgeni. Tukapanga nyumba mjini, na kila tulipokwenda Kosele tulilala kwa shangazi yake, ng'ambo ya boma. Nilidhani ni kwa sababu nyumba ya mzee ni ndogo.

Kwa hiyo kutoka Kehancha mpaka pale barabara inapoingia kwao nilikuwa mke wa mtu. Nikipita hapo, nilikuwa msichana aliyezaa na kijana wao.

Kwenye simu mume wangu alikuwa bado anaongea. Alisema ana wazo. Kuna mwenzake mmoja wa maabara aliyekuja likizo, anarudi baada ya wiki sita, anaweza kusafiri na mtoto. Kibali cha mtoto kina muda, kikiisha tutaanza upya.

"Aje kwanza," akasema. "Wewe utafuata."

Nilikata simu. Nilimwangalia mtoto, uji umemfika mpaka kwenye nyusi. Huyu wa kwenda kwanza. Huyu anayeamka akitafuta sikio langu alishike ndipo afumbue macho. Nitie sahihi apelekwe na mwanamume nisiyemjua mpaka nchi nisiyoijua, akakae na baba anayeshinda maabara, halafu mimi nitafuata. Nitafuata kama nani? Barua yenyewe imeshasema mimi si mtu.

Jumamosi nilikwenda Kosele. Sikupiga simu kwanza, nilijua nikipiga nitaambiwa mzee ana kikao cha kanisa. Nilimkuta nyuma ya nyumba anachagua viazi vitamu, vikubwa kwenye gunia, vidogo pembeni vya ng'ombe. Ni mtu mpole, niseme ukweli. Hajawahi kunipandishia sauti. Anampenda mjukuu wake kupita kiasi, alimwekea kiazi mkononi kabla hata hatujasalimiana. Na upole huo ndio ulionichosha, maana ukuta unaokusalimia vizuri bado ni ukuta.

Nilimweleza kila kitu. Nikamwambia kuna njia moja: twende kwa msajili tuandikishe ndoa ya kimila, mashahidi wa pande zote mbili watie sahihi. Baba yangu yuko tayari. Inabaki yeye.

Alisikiliza mpaka mwisho akifuta udongo kwenye kiazi kimoja kwa kidole gumba.

"Mimi sikatai wewe," akasema. "Wewe ni mtoto yangu. Lakini huyu mkubwa bado. Nikiweka sahihi, nimemruka na mkono yangu mwenyewe. Na hii chira haishiki mzee. Inashika huyu." Akamwonyesha mtoto kwa kidevu.

Nikamwambia huyu yuko karibu kupelekwa mbali na mama yake, na hiyo ni chira gani basi? Akakitupa kile kiazi kwenye gunia. Nikamwuliza kama amewahi kumwambia huyo mkubwa kwamba watu wanamngoja. Akaniangalia kama nimemwuliza jambo la aibu. Mkubwa haharakishwi, akasema. Ukimharakisha umemdharau. Anajua mwenyewe.

Basi nikaamua nitamharakisha mimi. Mimi si wa ukoo wao, si ndiyo? Karatasi imesema. Mgeni anaweza kuharakisha mtu yeyote.

Shemeji huyo sikuwa nimewahi kumwona. Nilijua yuko kisiwani Remba, ni fundi wa injini za mashua, amepita miaka arobaini na haji nyumbani hata Krismasi. Wiki iliyofuata nikaomba ruhusa kazini, nikavuka na mtoto. Remba ni mabati juu ya mabati, mlango wa mtu unafungukia kwenye mlango wa mwingine, na palipobaki nafasi pameanikwa omena, dagaa wa ziwani. Haikunichukua muda. Nilitaja kazi yake, nikaonyeshwa kwa kidole.

Alikuwa amepiga magoti mbele ya injini iliyofunguliwa, mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Uso ni wa mume wangu kabisa, uliokaushwa na jua. Hatua chache kutoka pale mwanamke mmoja alikuwa anageuza omena kwenye neti, na msichana wa miaka kama mitano anafukuza ndege kwa kipande cha mwanzi. Nikajitambulisha kwamba mimi ni mama wa mtoto wa mdogo wake. Akajifuta mkono kwenye suruali, akaninyooshea kiwiko nikisalimie. Nikampa habari yote nikiwa nimesimama, sikutaka kukaa. Nikamaliza kwa kumwomba anieleze, kwa heshima zote, anaoa lini.

"Mimi sijaoa," akasema. "Na sina haraka."

Yule mwanamke hakuinua kichwa. "Sema tena," akasema. "Huyu mgeni hajasikia vizuri."

"Namaanisha nyumbani. Nyumbani sijaoa."

"Na hapa?"

Akaangalia injini yake. "Hapa si tunaishi tu."

"Kumbe mimi ni mpangaji," mwanamke akasema. "Basi nipe risiti zangu za miaka sita. Na huyu anayefukuza ndege ni wa landilodi gani?"

Nilikaa chini sasa. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Miaka sita. Kila siku ya ndoa yangu, siku zote nilizolala kwa shangazi, siku mume wangu alipotia alama kwenye kile kisanduku, huyu mtu alikuwa na mke na mtoto mwenye meno.

Nikamwuliza kwa nini hakumpeleka nyumbani. Mwanzoni alizungukazunguka. Halafu ikatoka. Alikuwa amejipanga kumpeleka, amekwisha kununua hata godoro, ndipo akasikia kutoka kwa wavuvi kwamba ng'ombe wa baba yake wamepelekwa Kehancha kwa ajili ya mdogo wake. Akaona amerukwa. Hakuna aliyemwambia, hakuna aliyemwuliza. Akaapa hatakanyaga boma lile mpaka mzee aje mwenyewe kumwomba msamaha.

"Mzee hakukuruka," nikamwambia. "Mzee amekataa kunihesabu kwa sababu yako. Mdogo wako ameandika kwa serikali ya watu kwamba hana mke kwa sababu yako."

"Hakuna mtu aliniambia."

"Ungeuliza."

"Mkubwa haulizi," akasema, na sura yake ilikuwa ile ile ya mzee na viazi vyake.

Mwanamke alisimama, akakung'uta magamba ya omena kwenye leso yake. Alikuwa anacheka, lakini si kicheko kizuri. "Kwa hivyo huyu anangoja yule, na yule anangoja huyu," akasema, "na mimi niko katikati nageuza omena."

Niliwaambia wote wawili kwamba Jumamosi nitakuwa Kosele asubuhi, nafagia ile simba ya mkubwa. Wakija, watakuta imefagiliwa. Wasipokuja, nitaichoma moto nione kama chira inajua kuzima. Shemeji akanitazama kama vile injini imeanza kuongea yenyewe. Mwanamke wake akamwuliza mtoto wangu kama anakula samaki wa mbuta, akatupakulia.

Simba yenyewe ilikuwa imechoka. Bati limeachia upande mmoja, kuku wametaga kwenye kona, kuna kitabu cha hesabu cha darasa la saba ambacho mchwa wamekula mpaka katikati. Jumamosi hiyo niliingia bila kuomba ruhusa ya mtu. Nilifagia, nikakandika sakafu kwa samadi, mikono inanuka mpaka kesho yake. Baba mkwe alipita mara mbili mlangoni. Mara ya tatu akaleta nyundo na misumari, akapandisha lile bati. Nadhani alidhani nimerukwa na akili, na kwamba mtu aliyerukwa na akili ni afadhali asinyeshewe.

Saa tano walitokea. Shemeji mbele amebeba godoro kichwani, lile lile, bado liko kwenye nailoni. Mwanamke nyuma na ndoo ya omena, mtoto katikati. Hakuna aliyepiga kelele. Baba mkwe alisimama na nyundo yake, shemeji akasimama na godoro lake, na kila mmoja anangoja mwenzake aanze. Familia hii itaniua.

Mzee hakumsalimia mwanawe. Alimwinamia yule msichana, akamgeuza kichwa taratibu upande huu na upande ule.

"Haya masikio ni ya mama yenu," akasema.

Shemeji akashusha godoro. Akaweka mkono machoni akajifanya jasho limemwingia, ukabaki hapo muda mrefu. Mama yao alikufa zamani. Mimi sikumjua, na siku hiyo nilimkasirikia hata yeye kwa kutokuwepo, maana mwanamke mmoja angekuwepo pale bomani angeyamaliza haya yote kwa swali moja.

Mke wa shemeji aliwasha moto, akasonga ugali, akachemsha omena ndani ya simba kama inavyotakiwa mke anapoingizwa. Mzee alikula. Alinawa mikono, akaingia ndani kutafuta miwani yake, akatoka, akaniambia nilete hiyo karatasi.

Laiti ingeishia hapo ningekuwa naandika kwa utulivu.

Kwa msajili tulikwenda wanne: mimi, mtoto, baba yangu aliyetoka Kehancha alfajiri, na baba mkwe. Upande wa mume wangu alikuwa ameujaza kule kwake, akathibitishiwa sahihi na ubalozi, akautuma. Aliacha nafasi moja wazi, ya tarehe ya ndoa. Karani wa pale alikuwa kijana amechoka, ana foleni mpaka nje. Akauliza, "Walioana lini?"

"Siku ng'ombe walipofika," akasema baba yangu, akaitaja.

"Hapana," akasema baba mkwe. "Ng'ombe walitangulia. Ndoa ni juma lililopita."

Baba yangu akamgeukia polepole. "Mwenzangu, ng'ombe hawakuja kwangu kutembea. Nikisema juma lililopita, binti yangu alizaa nyumbani."

"Na mimi nikisema ile siku ingine, nimeruka mtoto yangu."

"Wazee," akasema karani, "nafasi ni moja."

Wakati huo simu yangu ikaita. Alikuwa yeye, alijua tuko pale. Nikatoka hadi kwenye veranda na fomu mkononi. Akasema haraka haraka niandike tarehe ya juma lililopita. Amewaza usiku kucha. Ikiandikwa ya miaka minne iliyopita, itaonekana alipoomba kibali alikuwa na mke na akasema hana. Wanaweza kumwita mwongo. Wanaweza kumnyang'anya kibali, utafiti wote unakufa katikati.

"Weka ya juzi tu," akasema. "Ni karatasi."

Ni karatasi. Mtu aliyemkana mke wake kwa sababu kwenye karatasi mtu hadanganyi, leo ni karatasi tu.

Lakini hasira haijawahi kunizuia kufikiri kama karani. Kwenye maombi yangu ya kwanza niliambatanisha barua ya chifu wetu wa Kehancha, na barua ile imetaja siku ya ng'ombe, imepigwa muhuri. Iko ndani ya faili lao huko. Nikileta cheti chenye tarehe nyingine, faili litakuwa na ndoa mbili za mtu mmoja, na atakayeonekana mwongo hapo si mtafiti. Ni mimi. Mimi ndiye watakayemfungia mlango kabisa, na mtoto atabaki na njia ile ile moja: aje kwanza.

Nilimweleza hivyo, polepole, kama ninavyowaeleza watu wanaotaka kupunguza umri kwenye kitambulisho. Halafu nikamwambia: "Kosa liko kwenye fomu yako. Nenda ulitoe kwenye fomu yako, kabla cheti changu hakijafika. Nenda mwenyewe, kwa miguu yako, uwaambie uliandika vibaya."

"Nitawaambia nini? Kwamba nilimwuliza baba?"

"Waambie hivyo."

"Hawataelewa."

"Hata mimi sikuelewa," nikasema, "na nimezaa na wewe."

Nikarudi ndani nikaandika siku ya ng'ombe kwa kalamu nyeusi, herufi kubwa. Baba yangu akatia sahihi. Baba mkwe aliishika ile karatasi mbali na macho, akaisoma, akaniangalia. Nilimwambia, na sauti yangu haikuwa nzuri, kwamba mkubwa ameshaingiza mke, simba imepikiwa, hakuna aliyerukwa tena, na kwamba huyu mtoto aliyemshika kanzu hatapanda ndege bila mimi mpaka nife. Alisimama hapo mpaka watu wa nyuma wakaanza kuguna. Halafu akatia sahihi, polepole, herufi moja moja, kama mtu anayevuka mto. Nje aliniambia atakwenda kusali juu ya jambo hilo. Nikamwambia asali, ni kazi yake. Nikamnunulia chai.

Hiyo ni miezi miwili sasa. Kibali cha mtoto kiliisha muda wake, yule mwenzake wa maabara akasafiri peke yake. Mume wangu hakunisemesha siku tisa. Sikumbembeleza.

Siku ya kumi akapiga. Alikuwa amekwenda kule kwenye ofisi ya vibali. Hawakumfukuza, hawakumfunga. Walimwambia aandike maelezo, ukurasa mmoja, kwa nini alitangaza hana mke, nao watayachunguza pamoja na cheti, na watamjibu.

"Sijui nianze vipi," akasema. "Ungenisaidia kuiandika."

Nilikuwa kaunta, kuna wateja watatu. Nilifungua ukurasa mpya. Nikamwuliza jina kamili, namba ya kibali, tarehe ya kuanza kibali, kama ninavyomwuliza mtu yeyote, na akajibu kama mtu yeyote. Sentensi ya kwanza niliiandika mwenyewe bila kumwuliza: Mimi nina mke. Ya pili: Nilikuwa naye siku nilipoandika kwamba sina. Akauliza kama sehemu ya ndugu yake ni lazima iwemo. Nikamwambia ni lazima, yote, simba na ng'ombe na simu aliyompigia baba yake, na kama karani wa kule atacheka, acheke.

Hawajajibu bado. Huenda wakakubali, huenda akarudi na masanduku yake ya chupa aendelee na ukijani wa huku, ambao haujaisha. Nimemwambia yote mawili nayaweza. Fomu ya idhini ya mtoto iko kwenye droo yangu kazini, chini ya karatasi za picha. Pale pa sahihi ya mama ni peupe, na jana mtoto aliipata akachora kitu chenye miguu mingi. Sikumnyang'anya.